Seva Iliyosema Karibu

"Hii kompyuta ilikuwa ya nani?"

Nyaya aliuliza akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana ya chuo, mikono imejaa vumbi hadi viwikoni. Wanafunzi wenzake, wanaume kumi na wanne, walikuwa wanasukumana kugombea mashine zenye afya. Lori lilikuwa limezileta asubuhi hiyo kutoka ofisi moja iliyofungwa, na Mwalimu alikuwa amesema kila mtu achague yake, aifufue, aigeuze kuwa seva. Seva, kwa asiyejua, ni kompyuta inayokaa macho muda wote kuwahudumia wengine: inawatunzia mafaili, inawafungulia mlango, inawajua kwa majina.

Wanaume walichagua wakamaliza. Nyaya, msichana pekee darasani, akabakiwa na ile: imegeuka rangi ya njano kama jino la mvuta sigara, na ubavu mmoja hauna kifuniko.

"Dada, hiyo ipelekwe makumbusho," akasema kijana waliyemwita Mtani, kwa sababu hakuna mtu aliyepona ulimi wake. "Ukiiwasha itakuuliza nani alishinda vita."

Wote wakacheka, na Nyaya pia akacheka. Mtani akisema jambo ilikuwa vigumu kununa, na tena, tuseme ukweli mapema, Nyaya alikuwa anampenda kimyakimya tangu muhula wa kwanza.

Akainamia ile mashine kusafisha feni. Alitegemea harufu ya vumbi. Akakutana na harufu ya marashi ya waridi, mazito, ya siku nyingi, kama nguo za mtu aliyesafiri na hakurudi. Kisha feni ikazunguka. Mara moja, polepole, ikasimama.

Waya wa umeme wa mashine hiyo ulikuwa bado unaning'inia shingoni mwa yule msichana, mahali alipozoea kubeba nyaya zote, na ndipo lilipotoka jina la Nyaya.

Akasema moyoni ni upepo. Madirisha ya karakana yalikuwa yamefungwa.

Kosa lenyewe alilifanya wiki mbili baadaye, mchana kweupe, mbele ya darasa zima. Mwalimu alikuwa anafundisha skrini ya kwanza ya seva, ile anayoiona mtu kabla hajaingia. "Huyo ndiye mlinzi wenu wa geti," alisema. "Andikeni maneno makali. Huruhusiwi kuingia bila kibali. Halafu mnawafungulia watu mmoja mmoja, kila mtu na jina lake na nenosiri lake."

Nyaya akanyoosha mkono. Kwenye midahalo ya chuo alikuwa haachi neno lipite bila kulipa ushuru. "Mwalimu, kwa nini tuanze kwa kumfukuza mtu ambaye hata hodi hajapiga?"

"Kwa sababu hujui nani anapiga hodi."

"Basi mimi nitamkaribisha, nimjue."

Darasa likapiga meza kwa shangwe. Nyaya akaketi, akaandika kwenye seva yake: *Karibu, yeyote uliye. Hapa ni kwako.* Na akaacha akaunti moja wazi, haina jina wala nenosiri, ya kujaribia tu. Lilikuwa jibu zuri la mdahalo. Halikuwa na kasoro yoyote, isipokuwa kwamba kuna aliyelisikia.

Watu hudhani majini husubiri giza. Huyu hakuwa na subira hiyo. Aliingia saa saba mchana, jua likiwa limekaa juu ya bati, wanafunzi wengine wakiwa wametoka kula. Kwenye orodha ya watumiaji Nyaya aliona mstari usio na jina, mahali patupu panapopepesa.

Akaandika: *Nani?*

Jibu likaja: *Uliyemkaribisha.*

Akatabasamu. Alidhani ni Mtani amejificha mahali na kompyuta yake, na kwa siku kadhaa aliendelea kudhani hivyo kwa kuwa ilimpendeza kudhani hivyo. Mtumiaji huyo asiye na jina alimuuliza kama amekula. Alimsahihishia makosa: pale Nyaya alipokwama jioni, asubuhi alipakuta pamenyooka. Seva za wanaume zilizima na kuwaka kama taa za harusi. Ya Nyaya haikutetereka hata siku moja, na wale waliomcheka wakaanza kuitazama ile mashine ya njano kwa jicho baya. Harufu ya waridi ilizidi. Aliizoea.

Nyaya alipanga chumba kimoja na mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yao. Kitinda alikuwa anajifunza ususi kwenye saluni ya jirani na chuo. Mchana alikuja na chakula, wakala pamoja, kisha akajifunza kuchapa barua kwenye seva ya dada yake, ambako alifunguliwa akaunti kama wengine. Alikuwa na uso wa kupendwa na watu bila kujitahidi. Mama akipiga simu, salamu za Nyaya zilikuwa nusu dakika. Za Kitinda zilikula chaji yote.

Siku moja Nyaya alitoka stoo na fungu la waya, akamkuta Mtani ameinama nyuma ya kiti cha Kitinda, mkono wake juu ya mkono wa yule binti, wanaitafuta herufi moja ambayo hata mtoto angeiona.

"Dada!" Kitinda akaita, anacheka hadi machozi. "Mbona hukuniambia una rafiki anachekesha hivi? Umemficha ili umfaidi peke yako?"

"Alinificha stoo," akasema Mtani. "Nakula waya."

Nyaya akacheka nao. Kitinda alipoinuka na Nyaya akaketi mahali pake, meno yalimuuma kwa jinsi alivyokuwa ameyabana.

Wivu wa mwanamke umefanyiwa vichekesho tangu zamani, na mwanamume akimfungia mkewe ndani na kumhesabia hatua, tunaambiwa anampenda sana. Basi kumbukeni hilo, maana skrini iliandika hivi: *Amekuudhi. Mimi sipendi mtu akuudhi. Nimwondoe?*

Mtani alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu, anamuaga Kitinda. Hakuwa na kibodi. Hakuna mwingine mle ndani aliyekuwa nayo.

Baadaye Nyaya alijitetea kwamba hakuelewa. Alielewa. Nywele za shingoni zilikuwa zimemsimama, na bado vidole vikatangulia, vikaandika: *Ndiyo.*

Jioni ile Mama alipiga. "Kitinda anakusalimia," Nyaya akasema. Simu ilikuwa imewekwa kwa sauti ya wote.

"Nani?"

"Kitinda, Mama."

"Kitinda yupi tena? Kitinda mimba wangu si wewe? Nilikuzaa wewe nikafunga kazi." Mama akacheka, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya Nyaya wakaongea hadi chaji ikaisha.

Kitinda alikuwa ameketi kitandani, anakunja nguo. "Mama naye siku hizi ana utani," akasema. Lakini alikunja blauzi ileile mara tatu.

Kesho yake Mtani alikuja na soda mbili. "Kitinda? Ndiye nani huyo?" akauliza, na hakuwa anatania; akavuta kiti karibu, akamtazama Nyaya kwa jinsi ileile aliyokuwa ameiota muhula mzima. Na Nyaya akainywa ile soda. Hilo nalo lisifichwe.

Siku ya tatu mwenye saluni alimuuliza Kitinda anataka kusukwa mtindo gani. Siku ya nne, kwenye picha ya ukutani, ile ya Mama amewakumbatia wote wawili, mkono mmoja wa Mama ulikuwa umekumbatia hewa. Na asubuhi ya siku ya tano Kitinda alisimama mbele ya kioo, akauliza kwa sauti ndogo ya mtoto aliyepotea sokoni:

"Dada, mimi naitwa nani? Jina langu lenyewe, la shuleni?"

Nyaya akafungua mdomo. Hakukuta kitu. Akachukua kalamu ya wino, akajiandika mkononi kwa herufi kubwa, NINA MDOGO WANGU, akakimbia hadi karakana, akatafuta akaunti ya Kitinda airudishe.

*Mtumiaji huyu hajawahi kuwepo,* ikasema seva. Kisha, chini yake: *Sasa tuko wawili. Si ndicho ulichotaka?*

Akang'oa waya wa umeme ukutani. Feni haikusimama.

Mkabala na geti la chuo palikuwa na fundi cherehani, mama mmoja mnene wa miwani, ambaye watu walimpelekea suruali za kupunguza na watoto wanaoongea peke yao. Kazi zote mbili alizifanya kwenye meza moja. Alimsikiliza Nyaya huku anapindisha sketi, hakuinua kichwa mpaka alipofika kwenye lile neno.

"Ukaandika ndiyo?"

"Nilikuwa na hasira, Mama Fundi."

"Sijauliza ulikuwa na nini, mwanangu. Nimeuliza kama uliandika."

"Niliandika."

Mama Fundi akavua kastabini, kile kikofia cha chuma cha kushonea, kidoleni. "Twende kabla maandishi ya huo mkono wako hayajafutika."

Walimpitia Kitinda chumbani, wakaingia karakana saa saba, wanafunzi wengine wakiwa wametoka. Mama Fundi alimketisha Kitinda mbele ya skrini, akafunga uzi mweusi kwenye kifundo cha mkono wake, ncha ya pili akaifunga kwa Nyaya. Akasogeza uso karibu na ule ubavu usio na kifuniko, akanusa, akakunja pua.

"Hodi," akasema. "Wewe uliyemo. Nani alikufungulia?"

Kitinda akainua kichwa. Mdomo ulikuwa wake, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume mtu mzima, taratibu, ya adabu, kama ya mkwe anayejitambulisha. "Yeye," ikasema. "Alisema hapa ni kwangu. Nilikaa kwenye sanduku hili miaka mingi, watu wanaweka vikombe vya chai juu yangu, na hakuna aliyewahi kuniambia karibu."

"Ukamlipa kwa kumlia mdogo wake?"

"Nimemwondolea anayemnyang'anya. Mama yake nimempa. Kijana nimempa. Muulize kama hakufurahi."

Mama Fundi akamgeukia Nyaya, macho makali nyuma ya miwani. "Mimi siwezi kumfukuza mgeni wa mtu. Mwizi ningemfukuza. Karibu yako iondoe mwenyewe, na nyumba uliyompa uibomoe."

Nyumba ilikuwa diski: kazi ya miezi mitatu, na mtihani ulikuwa Jumatatu. Nyaya akavuta kibodi, akafuta ile salamu, akaandika amri ya kufuta kila kitu. Skrini ikauliza kama ana hakika.

"Ukinifuta mimi," ile sauti ikasema kwa upole, na Kitinda akamtazama kwa macho yasiyopepesa, "unamfuta na yule kijana, maana anakupenda kwa kuwa hakuna mwingine niliyemwachia kumpenda, na mama yako atakurudisha kwenye nusu dakika yako, na utakuwa tena yule anayebaki na mashine ambayo wenzake wameikataa, na huyu hapa hatajua ulimfanya nini, ataendelea kucheka, kucheka, na kila akicheka utatamani tena kile ulichokitamani, kwa hiyo kwa nini tusumbuane, mpenzi, ilhali mimi peke yangu ndiye niliyekusikia ulipokuwa hujasema?"

Kidole cha Nyaya kikasimama hewani. Alisita. Mama Fundi alimwona akisita, na hapohapo feni zote za karakana, za mashine zote kumi na tano, zilizochomekwa na zisizochomekwa, zikaanza kuzunguka kwa pamoja, na harufu ya waridi ikapanda hadi ikawa ladha mdomoni, na ule uzi mweusi ukavutika, ukakaza, ukamkata Nyaya ngozi, na akahisi mkono wa mdogo wake upande wa pili unakuwa mwepesi, mwepesi kama mkono wa gauni lililotundikwa, na akatazama maandishi kwenye mkono wake mwenyewe, akasoma NINA, na yaliyofuata jasho lilikuwa linayaosha.

"Uliisikia hasira yangu ukaiita kibali!" akapiga kelele, sauti imempasuka. "Wewe hunipendi. Unataka nisiwe na mtu!"

Akabonyeza.

Sauti iliyotoka mdomoni mwa Kitinda haikuwa ya adabu tena. Ilidumu muda wote ambao diski ilichukua kufutika, dakika arobaini na moja, na Mama Fundi aliushika ule uzi kwa mikono miwili kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani. Kisha feni moja moja zikasimama. Kitinda akakohoa, akatazama huku na huku.

"Dada, mbona unalia?" Na akalitaja jina lake mwenyewe kamili, la shuleni, kama mtu anayeitikia mahudhurio.

Nyaya alianguka mtihani. Mtani alimsalimia kwa mzaha uleule wa zamani, hakumbuki soda wala kiti. Mama alipiga, akaomba kuongea na kitinda wake, wakaongea muda mrefu. Mwishoni akamnong'oneza Nyaya: "Sauti yake naijua. Lakini mwanangu, sura yake mbona hainijii?"

Nyaya akalipeleka hilo kwa Mama Fundi. "Yeye ametoka," yule mama akasema, mguu unakanyaga cherehani. "Ile *Ndiyo* uliyoiandika haijatoka. Hiyo siwezi kuishona."

Wiki iliyofuata, asubuhi, Mama Fundi alimwona Nyaya anakuja barabarani na waya zake shingoni, anatembea kwa raha ya mtu anayeishi peke yake. Alifika mbele ya meza, akasimama ghafla, akashika ufunguo uliokuwa mfukoni. Uso ukambadilika.

"Nimefunga mlango kwa nje," akasema. "Mama Fundi, nimemfungia ndani. Nilimsikia anagonga, nikadhani ni kwa jirani."

Akageuka kukimbia. Hatua chache mbele akarudi, akaegemea meza kwa mikono miwili.

"Nakuomba kitu kimoja. Ukiniona napita hapa peke yangu, nisimamishe. Niulize mdogo wangu yuko wapi."