Skrubu ya Nguzo ya Mwisho

Rafiki yangu Bipul ndiye fundi wa nyaya za televisheni mtaani kwetu, hapa Barasat. Nyumba yake ni ya mwisho kwenye laini, kwa hiyo picha ikitulia kwake, mtaa mzima umepona. Zamani alikuwa akipanda nguzoni na kuzungusha skrubu ya kuongeza nguvu ya mawimbi, huku mkewe Shefali akitazama televisheni ndani na kumpigia kelele dirishani. Shefali alifariki msimu wa baridi, tukauchoma mwili wake kando ya mto, kama ilivyo desturi yetu. Bipul akaichomoa televisheni, akabaki na kipimo chake cha mawimbi.

Alasiri moja dhoruba ilileta giza, ikavuruga mawimbi.

“Bipul! Kriketi inaanza na kwangu ni chenga tupu! Umelala?” jirani Nitai akafoka.

Bipul akapanda. Huko juu kipimo kikamzimikia mkononi, akawa anazungusha skrubu kwa kubahatisha.

“Bado,” sauti ya mwanamke ikatoka dirishani mwa nyumba yake. “Ongeza. Kidogo tena. Wewe bwana, haraka ya nini? Hapo hapo! Usiguse tena.”

Mkono wake ulitii kabla kichwa hakijakumbuka kwamba Shefali hayupo.

Alishuka mbio. Mlango ulikuwa na kufuli, na ndani gizani plagi ya televisheni ilikuwa sakafuni, palepale alipoiacha.

Tangu hapo, kila jioni hupanda na kulegeza skrubu hadi mwisho, ili picha iharibike, ili aitwe tena. Anatega sikio. Dirisha kimya.

Jana aliitoa skrubu kabisa, akaniwekea kiganjani huku akilia. Nyuma yetu, kwa Nitai, picha ilikuwa bado safi kama kioo, vilevile tangu sauti iliposema ‘Hapo hapo!’