Pima Moja, Mfupa

Maji ya kumwogeshea mtoto yalikuwa na chumvi.

Bibi Bertila aliyaonja kwa ncha ya kidole, akatema, akamwita mkwewe. "Shigela, haya maji umeyatoa wapi?"

"Bombani, mama. Kama jana."

"Onja."

Alionja. Hayakuwa na ule ukali wa magadi wa visima vya Igunga. Yalikuwa maji ya bahari, na kutoka Kanyenye, hapa Tabora, mpaka bahari ilipo, mtu hulala njiani hata akipanda treni. Akayamwaga uani. Akachota mengine, akayaonja, yalikuwa mazuri, akampelekea mama mkwe. Alikuwa mtu wa kutosema kitu. Mwezi ulikuwa haujaisha tangu amzike mkewe, Kabula, aliyefariki akimzaa mtoto huyu wa kike, na waliokuja kumpa pole waliondoka wakinong'ona kwamba mpima ardhi yule ana moyo wa jiwe.

Mtoto hakuwa na jina. Katika ukoo ule wa Kinyamwezi jina halichaguliwi tu. Mtoto akilia bila sababu huitwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake, kwa kuwa mwenyewe amekuja kulidai. Bibi Bertila, mama wa marehemu, alikuwa ameyamaliza ya pande zote mbili. Minza. Nyanzala. Holo. Mtoto alilia kila jina lilipotajwa. Alilia chupa ikiwa mdomoni, maziwa yakimtoka pembeni, na mbavu zake zilianza kuonekana.

"Limebaki Kabula," Shigela alisema.

"Usilitaje. Udongo wake haujakauka. Marehemu haitwi kabla hajatulia."

"Ni jina la mama yake."

"Ni jina la mwanangu," alijibu Bibi Bertila, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mchana ule, ili mikono yake ipate la kufanya, Shigela alikichukua kile kipande kizito kilichokuwa kikiuzuia mlango wa sebule usijifunge. Vijana waliochimba kaburi la Kabula, katika shamba la wazee kando ya njia ya zamani ya misafara, walikigonga kwa sururu, wakampa yeye kwa kuwa hawakujua wampe nani mwingine. Akakisugua kwa majivu. Kilikuwa bildi, kipande cha madini ya risasi ambacho mabaharia hukifunga kamba na kukishusha majini wapate kujua kina. Mpagazi fulani aliibeba kutoka pwani, halafu mtu fulani akaona afadhali aifukie. Chini ya uchafu palikuwa na herufi. Shigela alizisoma kwa sauti, silabi kwa silabi.

"Lopo Vilarde."

Mtoto akanyamaza.

Hakunyamaza taratibu kama watoto wanavyonyamaza. Sauti ilikatika katikati, kama ya mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja.

"Umemwita nani?" Bibi Bertila alitoka chumbani na mtoto kifuani, chupa mkononi, machozi yakimlengalenga. "Tazama, ananyonya! Anamaliza! Ni mzee gani huyo?"

"Si mzee wetu, mama. Ni nahodha wa Kireno wa zamani sana."

Chuoni, Shigela na wenzake walifundishwa habari zake kwa sifa. Ndiye aliyezichora pwani ambazo watu wa kwao hawakuzijua, na ramani zake zilikuwa sahihi kiasi cha kumtia wivu mpima yeyote. Lakini kila rasi na kila ghuba aliiandikia jina lake, kana kwamba wavuvi waliompa maji ya kunywa walikuwa wakiishi mahali pasipo na jina.

"Basi amezoea kutoa jina," alisema Bibi Bertila. "Atupe na sisi. Mtoto ameshiba, Shigela."

Shigela hakulitazama tumbo la mtoto. Aliyatazama macho. Yalikuwa wazi, hayapepesi, yakifuata kitu kilichokuwa kikipita polepole ukutani. Akasema jina lile lisitajwe tena ndani ya nyumba yake, na mtoto akaanza kulia upya, na chupa akaikataa.

Kesho yake, jua likiwa utosini, saa ambayo watu wa Tabora huwaita watoto wao ndani bila kueleza sababu, Shigela alisikia kamba ikiteleza. Kisha kitu kizito kikaingia majini, tubwi, katika ua ambao kuku walikuwa wamejilaza vumbini. Sauti ya mwanamume aliyechoka ikasema, kama anayesoma:

"Pima tisa. Mchanga."

Kuku hawakunyanyuka. Shigela alisimama na kikombe mkononi. Mabaharia huhesabu kina kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na mshika bildi hutangaza kina na kilichopo chini, ili nahodha ajue nchi kavu iko umbali gani.

"Pima sita," ilisema sauti, sasa karibu na jiko. "Tope."

Alipokimbilia chumbani alikuta shuka ya mtoto imelowa, na maji yalipokauka yaliacha mstari mweupe wa chumvi, mwembamba na mkamilifu, wenye vighuba na virasi, mstari ambao kwanza alidhani ni wa pwani fulani aliyowahi kuiona ramanini, mpaka alipomlaza mtoto tena mahali pake na kuona kwamba ulifuata bega lake, kiwiko chake, ubavu wake na unyayo wake bila kukosea hata pahali pamoja, na kwamba pale moyo unapokuwa palikuwa pamewekwa alama ya msalaba.

Bi Asmahani, mganga wa mtaani, aliitwa jioni. Shigela alimwamkia.

"Marahaba." Mganga aliitazama bildi mlangoni. "Na hiki ndicho mnachozuilia mlango? Mashallah. Watu wa chuo!" Akafukiza ubani, akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Alipoinuka hakuwa na utani tena.

"Ni jini la bahari, limevaa jina la mtu. Halina makuu. Halitaki damu wala mbuzi. Linataka liitwe tu. Mpeni mtoto jina lake, atakula, atakua."

"Na atakuwa nani?" Shigela aliuliza.

"Atakuwa hai."

"Nakuuliza atakuwa nani."

"Bwana mpima, hizo rasi alizoziandika zimekufa? Zipo. Watu wanavua pale mpaka leo."

"Zipo. Lakini waulize zilivyoitwa kabla yake. Hakuna anayejua."

Bibi Bertila alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mtoto akilia mapajani mwake kwa sauti iliyokwisha kukauka. "Nimezika mmoja," alisema. "Wewe unashindana na jini, mimi nahesabu mbavu. Sitaki kushinda, Shigela. Nataka mtoto."

"Nami nataka mtoto, mama. Huyu huyu. Sitaki ganda lake."

"Mpaka kesho adhuhuri," Bi Asmahani alinong'ona. "Huyo nahodha akifika nchi kavu hatangoja tena aitwe."

Walikesha kwa zamu, na adhuhuri ikawakuta watatu wote chumbani, mlango umefungwa kwa komeo, mtoto mikononi mwa baba yake hana nguvu hata ya kulia. Harufu ndiyo iliyotangulia. Mwani, lami, na kamba iliyooza. Kisha sakafu ya saruji ikaanza kutoa jasho, na kutoka sebuleni ikasikika kamba ikiteleza, na risasi ikizama mahali ambapo hapakuwa na pa kuzama.

"Pima tatu. Changarawe."

Bi Asmahani akaanza kusoma dua, akakosea, akarudia.

"Pima mbili. Mwamba."

Komeo likatoka lenyewe bila kelele na mlango ukafunguka, na hawakumwona mtu, ila maji yaliyokuwa sakafuni yalijitenga kuacha nafasi ya nyayo mbili, kisha nyingine mbili mbele yake, na kamba wasiyoiona ikamgusa mtoto kifuani, kwa sababu nguo yake ilididimia pale penye alama kama inayobonyezwa kwa kidole gumba, na pumzi yake ikakwama, na sauti ikasema karibu kabisa na uso wa Shigela, bila chuki, bila haraka, kama mtu anayeifanya kazi yake vizuri:

"Pima moja. Mfupa. Nchi. Hapana jina. Naandika."

"Uliuliza?" Shigela alisema.

Nyayo zilisimama.

"Mimi nami ni mpima. Sijawahi kuandika jina la kilima kabla sijawauliza wanaokilima. Uliuliza? Kuna watu hapa. Tuulize." Akamwinua mtoto mbele yake. "Huyu ni Kabula."

Mtoto hakuvuta pumzi. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi.

"Mdomo mmoja hautoshi," alisema Bi Asmahani. "Bertila! Mwenye jina ni wewe!"

Bibi Bertila alimtazama mjukuu wake. Kisha akasimama, mwanamke mfupi mwenye kanga ya msibani, akazikanyaga zile nyayo. "Kabula!" alipiga kelele. "Nilimzaa Kabula, na huyu ni Kabula! Zablon! Zablon wee!"

"Naam, bibi!" aliitikia fundi baiskeli ng'ambo ya ua. "Kuna nini huko?"

"Mjukuu wangu anaitwa nani?"

"Nitajuaje, nanyi hamjatuambia?"

"Anaitwa Kabula!"

"Basi Kabula! Hongera! Jamani, mtoto wa Shigela ni Kabula!" Na nyuma yake wateja wake, na mama muuza mihogo, na mtu aliyekuwa akipita tu, wakalishika jina wakalirusha juu ya ua kama wanaoitana sokoni. Kabula. Kabula wa Shigela. Kabula wa hapa.

Maji yakaanza kurudi nyuma. Bibi Bertila aliyafuata mpaka sebuleni, akaipiga teke bildi.

"Hapa huachi jina. Hapa unachukua mzigo. Babu zetu waliibeba mizigo yenu mpaka shingo zikapinda, na hakuna rasi iliyoitwa kwa jina la hata mmoja wao. Leo zamu yako. Kichwani! Pwani ni kule."

Kisha risasi ikanyanyuka kutoka sakafuni, ikayumba hewani kwenye kimo cha kichwa cha mtu, ikatoka. Kuku walitawanyika kwa kelele. Vumbini, kutoka mlangoni mpaka barabarani, zilibaki nyayo za mtu aliyeelemewa, vidole vimezama, zikielekea mashariki.

Chumbani mtoto alivuta pumzi kama anayeitoa kisimani, akalia. Shigela alimwita kwa jina lake. Hakunyamaza, ila sasa macho yake yalipepesa, yakimtazama yeye. Akamwita tena, akamtembeza huku na huku, machozi yake mwenyewe yakidondoka kwenye lile paji dogo la uso, yale ambayo watu walisema hanayo.

Kabula alilia mpaka jua likazama, na katika nyumba ile hakuna aliyemwambia anyamaze.