Onyo Lisilo na Mwenyewe

Rubani wa ndege ya asubuhi aliingia chumba cha mipango ya safari huku akicheka, akaiweka kofia yake juu ya meza ya mpangaji.

"Dada, asante kwa lile onyo la redioni. Ningepita kushoto kama nilivyozoea, saa hizi mngekuwa mnanitafuta kwa tochi."

Mpangaji hakuwa ametoa onyo lolote. Kazi yake ilikuwa kuwachorea marubani njia, kuwapigia hesabu ya mafuta na kuwaambia kwa redio hali ya hewa iliyo mbele yao. Na asubuhi ile kwenye ramani yake hapakuwa na wingu la kumtisha hata kuku. Angesema hivyo. Lakini mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, na sifa ni tamu jamani, hasa kwa mtu aliyezikosa miaka mingi.

"Karibu," akasema. "Ndiyo kazi yetu."

Hapo ndipo alipokosea. Katika chumba kile kila taarifa ilikuwa na mwenyewe. Ukishapokea asante yake, umekubali kuwa imetoka kinywani mwako.

Asante zikaendelea kuja. Huyu kaepushwa na upepo, yule na ukungu, wote kwa sauti ya dada, na kila onyo lilikuwa kweli. Mpangaji akaanza kumtilia shaka mwenzake wa meza ya pili, mzee waliyemwita Kidole kwa sababu alichapa kompyuta kwa kidole kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, akaacha kunywa chai aliyoletewa naye. Hata ile harufu ya udongo uliolowa, iliyojaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa na jua likiwaka nje, aliamini Kidole ndiye anaileta na viatu vyake, mpaka siku alipoinama kuvichungulia akakuta vikavu, vinang'aa.

"Unatafuta nini miguuni kwangu?" Kidole akanong'ona.

"Unaigiza sauti yangu?"

"Mimi? Na koo hili la chura?" Hakucheka. "Jana ulitoka kwenda msalani, nikakusikia redioni. Nikasema basi, uzee huo."

Kabla hajajibu, redio ikakoroma. Alikuwa mdogo wake, rubani, kitinda mimba wa mama yao, ambaye yeye ndiye aliyembeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Alikuwa angani na abiria, kwenye ndege ndogo isiyo na rada, akielekea vilimani. Na nyuma ya vilima vile, kwenye skrini, wingu la radi lilikuwa limeumuka jekundu.

Akakamata kipaza sauti. "Geuka! Nenda uwanja wa akiba. Mbele kumeharibika."

"Sawa dada, nageu..."

"Usigeuke," redio ikasema, kwa sauti ya mpangaji mwenyewe, pamoja na kile kikohozi kidogo anachotanguliza akiwa na haraka. "Nilisoma vibaya. Mbele kweupe. Nyoosha tu."

Kidole alikuwa akimtazama mdomo, na mdomo ulikuwa umefungwa.

"Dada? Nifuate lipi?"

"Geuka!"

"Nyoosha. Nani alikuonya juzi juu ya ule upepo? Si mimi dada yako?"

Mdogo wake akasema taratibu, "Kweli. Nanyoosha."

Harufu ya udongo ikapanda mpaka ikajaa chumba kizima, na akiwa ameking'ang'ania kipaza sauti kwa mikono miwili, akahisi kitu kikivuta pumzi sambamba na yeye, kikisubiri afungue kinywa ili nacho kifungue, akajua kwamba hata akilia kitalia, hata akiapa kitaapa, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekikaribisha siku alipoitikia asante isiyo yake.

"Marubani wote," akasema, na mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni kama siku ile, akisikia. "Yale maonyo hayakuwa yangu. Nilipenda sifa. Kuanzia sasa, neno lolote kwa sauti yangu msilifuate. Msikilizeni Kidole."

Akamsukumia mzee kipaza sauti, akajiziba mdomo kwa viganja.

"Geuka, kijana," Kidole akasema. "Geuka sasa hivi."

Redio ikalia. Ililia kwa sauti yake, ikimwita mdogo wake kwa jina la utotoni, ikimkumbusha mgongo uliombeba. Ililia mpaka kijana aliposema, "Nimegeuka. Nauona uwanja."

Alasiri hali ya hewa ilipotulia, kijana alirudi nyumbani na abiria wake wote. Dada yake alimkimbilia uwanjani, machozi yakimtoka, mikono ameitanua.

"Pole na safari, mdogo wangu!"

Kijana akarudi nyuma hatua moja. Akamtazama Kidole, aliyekuja nyuma ya dada yake, juu ya bega lake.

"Mzee," akauliza kwa sauti ya chini, "ni yeye?"

Kidole akamwangalia mwanamke yule kuanzia miguuni hadi usoni, kisha akanusa hewa, akitafuta ile harufu ya udongo.