Daftari la Miche Ishirini

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Mwanasaumu alishuka na bibi yake hadi kwenye kitalu cha mikoko pale Mtongwe. Bi Dhahabu, bibi yake, alikuwa mmoja wa akina mama waliootesha miche mia nane kwa ajili ya kupandwa upya ufukweni, mahali ambapo mikoko ya zamani ilikatwa ikaisha. Kazi ilikuwa ya kuinama. Waling'oa magugu, wakainua vifuko vya miche vilivyolala, wakamwagilia maji mche mmoja baada ya mwingine.

Huko kitaluni walimkuta Masha ameshafika. Masha alikuwa fundi wa kuchonga mbao kule Bombolulu kabla ya kuingia chuo kikuu, naye alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alimwamkia Bi Dhahabu kwa kuinama na kuweka mkono kifuani. Kila mara alimpokea ndoo kabla hajaombwa, akaibeba mwenyewe hadi juu.

"Huyu kijana ana adabu ya nyumbani," Bi Dhahabu alipenda kusema.

Masha alikuwa mmoja wa wanafunzi kumi na wawili wa Daktari Samiha. Daktari alifundisha chuo kikuu, na aliongoza mafunzo ya vijana wanaoandaliwa kuwa viongozi wa kuhifadhi mazingira. Hakuwachagua kwa alama za mtihani peke yake. Alikuwemo Oduor, mtoto wa mvuvi wa ziwani, na Dama, binti wa mkulima wa mahindi kutoka Ganze. Watu walipomuuliza kwa nini amechanganya hivyo, aliwajibu, "Bahari inatulisha sote. Wasiwe watu wa aina moja tu wanaofundishwa kuilinda."

Watoto kumi wa Gredi ya Sita, Mwanasaumu akiwa mmoja wao, nao waliitwa kusaidia. Kila mmoja alipewa kipande chake cha tope chenye miche ishirini, na daftari. Kila Jumamosi ya bamvua, maji yanapokupwa sana, walishuka saa nne asubuhi kuhesabu miche iliyo hai na kuandika. Kipande kitakachokuwa na miche mingi hai ndicho kingeonyesha mahali pa kupanda ile mia nane.

Siku ya kwanza ya kuhesabu, Mwanasaumu alikuta miche mitatu imeoza. Aliandika kumi na saba. Daktari alisoma namba za watoto wote mbele ya wanafunzi wake. Quinter, rafiki yake Mwanasaumu, alikuwa na ishirini, akapigiwa makofi mengi. Namba ya Mwanasaumu iliposomwa, Daktari alisema tu, "Haya, tuongeze bidii," akageuza ukurasa.

Mwanasaumu alihisi uso unamchoma. Bamvua iliyofuata alishuka, akaona kwa mbali mingine imelala ndani ya dimbwi. Hakusogea. Aliwaza kwamba mmoja wa wanafunzi wa chuo huenda angemsaidia kuchomeka mingine mipya, kisha mambo yangekuwa sawa. Hakumwomba mtu. Alikaa juu ya jiwe, akaandika: ishirini.

"Ishirini?" Quinter aliuliza, akichungulia. "Yangu sasa ni kumi na sita. Wewe yako haifi? Unaisomea dua?"

"Naitunza," Mwanasaumu alijibu.

Tangu siku ile makofi yalikuwa yake. Akaona raha. Ili aonekane ana bidii kuwashinda wenzake, akaanza kujaza hata Jumamosi za katikati, ambazo wenzake hawakuhesabu. Hakushuka tena kwenye tope. Baada ya miezi mitatu Daktari alitangaza kwamba miche mia nane itapandwa Jumamosi ijayo, kuzunguka kipande cha Mwanasaumu. Msichana mwenyewe angesimama mbele ya watu na kueleza alivyoitunza.

Ijumaa alasiri Bi Dhahabu alikaa barazani akichambua mchicha. Aliomba kuliona daftari hilo lililosifiwa mtaa mzima. Bibi hakusoma sana shuleni, lakini namba na tarehe alizijua vizuri. Alipitisha kidole polepole, ukurasa baada ya ukurasa, halafu kidole kikasimama.

"Mwanasaumu."

"Abee, bibi."

"Jumamosi hii umeandika umehesabu saa nne asubuhi."

"Ndiyo, bibi."

"Nakumbuka Jumamosi hiyo. Mwezi wa angani ulikuwa na siku saba. Maji mafu, hayakupwi sana. Saa nne maji huwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya juu. Ulihesabuje miche iliyo chini ya maji?"

Mwanasaumu alitazama mchicha. Mtoto aliyezaliwa Mtongwe hakupaswa kukosea jambo hilo, naye alilijua. Alijaza tarehe zile akiwa kitandani, bila kufikiri mwezi ulikuwa ngapi.

Bi Dhahabu hakupaza sauti. Alilifunga daftari, akalifuta vumbi kwa ncha ya leso yake, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mimi sitakwenda kumwambia Daktari," alisema. "Daftari ni lako. Lakini miche ile ni ya watu, mjukuu wangu. Kesho wataishusha yote. Ikishaingia kwenye tope haitolewi tena."

"Watanichukia, bibi."

"Pengine watakasirika. Mimi nitakuwa nimesimama pale pale."

Jumamosi kulikuwa na bamvua. Maji yalikuwa yamekwenda mbali na tope linang'aa. Akina mama walikuwa wameshashusha vifuko vyote tangu mapema, wamevipanga mistari mirefu. Wanafunzi wa chuo walikunja suruali hadi magotini. Oduor aliteleza, akakaa kwenye tope, watu wakacheka.

"Huku siyo ziwani, kaka!" Quinter alimwambia.

Daktari Samiha akainua mkono, watu wakanyamaza. "Sasa tumsikilize Mwanasaumu."

Mwanasaumu alisimama mbele yao. Alitafuta uso wa bibi yake, akauona.

"Msipande hapa," alisema.

"Sema kwa nguvu, mwanangu," Daktari alimwambia.

"Msipande hapa! Namba zangu ni za uongo. Nilihesabu siku ya kwanza tu. Zilizobaki nilizitunga. Sijui ni mingapi iliyo hai."

Dama alikuwa akimfasiria Masha kwa ishara. Mikono yake ikasimama. Kisha Bi Zuleikha, mmoja wa akina mama, akapiga paja.

"Miezi saba, Daktari! Miezi saba naitilia maji miche hii kama ninayelea mtoto mchanga! Leo tungekuja kuizika hapa kwa sababu ya mtoto mwongo?"

Mwanasaumu alianza kulia. Daktari alivua viatu, akamshika Mwanasaumu mkono, wakashuka wote wawili hadi kwenye kipande chake. Watu wakawafuata. Maji yalikuwa yamekupwa kila mahali, lakini pale bado palikuwa na dimbwi. Walihesabu pamoja, wakigusa kila mche. Minne ilikuwa hai. Mingine yote ilikuwa vijiti vyeusi.

"Andika," Daktari alisema. Mwanasaumu akaandika: hai minne, iliyokufa kumi na sita.

Masha alipiga magoti, akazamisha mkono kwenye dimbwi, akaonyesha jinsi tope lilivyobonyea kama sahani. Kisha akanyoosha kidole juu zaidi, kwenye kipande cha Quinter, ambapo ardhi iliinuka kidogo. Miche kumi na sita ilikuwa imesimama pale, majani mabichi. Hakuna aliyeitazama tena tangu ilipokosa kufika ishirini.

"Basi leo tutapanda hamsini tu, huko juu," Daktari aliwaambia akina mama. "Iliyobaki irudi kitaluni hadi tuwe na hakika. Nawaomba radhi kwa usumbufu. Tutaibeba sisi."

Bi Zuleikha aliguna, lakini alikuwa wa kwanza kuinua vifuko. Alipompita Mwanasaumu alisimama. "Machozi yafute. Shika upande huu, vitamwagika," akasema, akampa ukingo wa beseni.

Kazi ilipokwisha na maji yalipoanza kurudi, Daktari aliwaita wanafunzi wake wakubwa na watoto wote, wakakaa kwenye mchanga.

"Mwanasaumu amekosea," alianza. "Uongo wake ulikaribia kuharibu jasho la watu wengi, na kwa miezi miwili atakuja kitaluni kila siku baada ya shule kuwasaidia waliolitoa. Sivyo?"

"Ndiyo, Daktari."

"Lakini nami nimekosea. Nilishangilia namba kubwa, na namba ndogo nikazigeuzia ukurasa. Nikawafundisha watoto kuogopa ukweli. Ile kumi na saba ya kwanza ilikuwa inatuambia kwamba pale hapafai, nami sikuisikiliza."

Aliwageukia wale kumi na wawili.

"Siku moja ninyi mtaongoza watu. Mtaletewa madaftari mengi. Mtakayemwamini ni yule aliyeshuka akatazama, akaandika alichokiona, hata kikiwa cha kuumiza. Mche uliokufa ukiandikwa, unaokoa mia nane. Ukifichwa, unaiua. Ukitaka kulinda kitu, anza kwa kusema kweli juu yake. Na anayewaletea habari mbaya mapema, msimkaripie. Mshukuruni."

Kisha akainuka, akaenda mbele ya Mwanasaumu, na mbele ya watu wote akasema, "Ahsante, mwanangu."