Kigurudumu cha Sita

Indiketa ilianza kulia Jumanne saa nne asubuhi, ndani ya gari lisilokuwa na betri.

Fundi alikuwa kwenye benchi lake, ameligeuzia gari mgongo, akipiga msasa ubao wa dashibodi. Aliusikia ule mlio, tik, tik, tik, kama wa gari linalosubiri kukata kona, akaendelea na kazi kwa muda kabla hajakumbuka kwamba betri aliitoa mwenyewe juma lililopita, na sasa ilikuwa chini ya meza, karibu na mguu wake. Akasimama. Mlio ukakoma.

"Sindano," akaita. "Umegusa kitu ndani ya gari?"

Dada yake alikuwa upande wa pili wa banda, ameinamia cherehani. Walimwita Sindano tangu utotoni kwa wembamba wake, na alipokuja kuwa mshonaji wa viti vya magari, jina likamganda.

"Nimegusa ngozi yangu na uzi wangu," akajibu. "Mambo ya kelele ni yenu mafundi."

"Nimesikia indiketa."

"Basi linataka kutoka. Lifungulie mlango."

Wakacheka, kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Gari lilikuwa la marehemu baba yao. Lilikuwa limekaa katika banda lile, uani kwa Mama, miaka thelathini na moja chini ya turubai, na agizo la mzee juu yake lilikuwa moja tu: lisitembezwe. Hakueleza sababu. Yeye mwenyewe alikwenda kazini kwa miguu, mwavuli mkononi, mpaka alipostaafu, na majirani waliomtania waliishia kuchoka wao. Alipofariki mwaka uliopita, watoto hawakuwa na nia ya kulivunja agizo hilo. Lakini kazi ya Fundi ilikuwa kufufua dashibodi za magari ya zamani: kung'oa mbao zilizopasuka, kuzipaka vanishi upya, kusafisha geji, kuongeza saa au taa pale mwenye gari alipotaka. Kwa miaka ishirini alikuwa amewafanyia watu baki, na ya baba yake ilikuwa imepasuka vipande vitatu.

"Dashibodi haitembei," Mama alisema walipomwomba ruhusa. "Itengenezeni. Gari likae palepale."

Kosa lilikuwa limefanyika Jumatatu, nalo lilikuwa kosa la mtu makini. Kihesabu maili kilikuwa kimeganda kwenye 99,987. Fundi aliiandika namba hiyo kwenye kipande cha karatasi, akavitoa vile vigurudumu vitano vya namba, akavisugua kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, kisha akavipanga upya kwenye mhimili wake. Kazi hiyo huanzia kwenye sifuri, kwa sababu hapo ndipo meno ya vigurudumu hukutana sawasawa. Baadaye fundi huvirudisha kwenye namba ya awali. Lakini zile sifuri tano, nyeupe juu ya weusi, zilimpendeza. Lianze upya, alijiambia, kwa heshima ya mzee. Akaziacha.

Jambo moja tu lilimshangaza. Nyuma ya spidomita hapakuwa na waya, ule mrefu unaotoka kwenye giaboksi na kuzungusha namba gari linapotembea. Haukuwa umekatika. Ulikuwa umefunguliwa kwa mkono, na nati yake kukazwa tena mahali pake.

Jumatano banda lilinuka mto. Kulikuwa na jua kali na hakuna mvua iliyonyesha kwa mwezi mzima, lakini harufu ya tope na majani yaliyooza majini ilitoka kwenye kiti cha abiria, na Fundi alipokigusa kiti hicho, kiganja chake kilirudi kimelowa. Akafikiri ni paka. Akakitoa kiti nje, akakianika. Jioni kilikuwa bado kinachuruzika.

Asubuhi ya Alhamisi Sindano alikuja bandani amejifunga kanga mbili na sweta.

"Unaumwa?" Fundi aliuliza.

"Baridi tu. Nimeamka nywele zimelowa. Mama anasema ni jasho."

"Jasho gani la baridi?"

"Muulize Mama, yeye ndiye daktari wetu."

Akakaa, akavuta juu ya mapaja ile ngozi ya kufunika sehemu ya juu ya dashibodi, akaanza kushona pindo kwa mkono, kwa sindano nene kama msumari mdogo. Baada ya muda Fundi alimsikia akinyamaza ghafla katikati ya wimbo aliokuwa akiung'ong'ona. Alipogeuka, alimwona ameinua kidole cha shahada, anakitazama.

"Kaka. Njoo uone."

Alikuwa amejichoma. Tundu lilionekana wazi, na ndani yake lilikuwa likitoka tone, likakua, likaanguka kwenye ngozi, likafuatwa na jingine. Yalikuwa maji. Hayakuwa na wekundu wowote. Tone la tatu lilikuwa na chembe ya mchanga.

"Hainiumi," Sindano alisema, polepole. "Hilo ndilo linaloniogopesha."

Mama alipoonyeshwa kile kidole aliinuka mara moja. Alikwenda hadi ukuta wa nyuma wa banda, akasogeza mabati ya zamani, akaonyesha waya mweusi uliokuwa umeviringwa na kutundikwa kwenye msumari.

"Huu ndio unaoutafuta," alimwambia Fundi. "Baba yenu aliuleta siku ile ya mvua. Wewe ulikuwa na miaka tisa, huyu minne. Alikuwa ametoka na huyu safari. Alirudi kwa miguu, mtoto mgongoni, amelowa chapachapa, mtoto mwenyewe amelala kama aliyenyonya akashiba. Waya huu ulikuwa shingoni kwake. Gari likaja nyuma yake, linavutwa na trekta. Nikamwuliza, kuna nini? Akasema, lisitembezwe tena. Sikumwuliza mara ya pili."

"Kwa nini, Mama?"

"Uso wake. Ungeuona, nawe usingeuliza."

Mganga aliyeitwa na Mama alikuja Ijumaa mchana. Alikuwa mama mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na kikapu alichokuja nacho kilikuwa kitupu. Wakati huo Sindano alikuwa amelazwa kwenye mkeka palepale bandani, kwa sababu kila walipomwingiza ndani ya nyumba alianza kukohoa maji, na alipokuwa karibu na gari alitulia. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Bibi," alinong'ona, "hiyo miwani inaona kweli?"

"Inaona ninachotaka kukiona, mjukuu wangu. Tulia."

Mganga hakufukiza chochote. Alimshika Sindano kiganja, akangoja mpaka indiketa ikaanza kulia tena, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayebisha hodi kwa jirani: "Tunakusikia. Sema."

Sauti iliyotoka kinywani mwa Sindano haikuwa nzito wala ya kutisha. Ilikuwa ya mwanamume mstaarabu, anayetamka kila neno hadi mwisho wake, kama karani anayesoma tangazo.

"Sikuvamia nyumba ya mtu," ilisema. "Niliahidiwa."

"Na nani?"

"Na baba yao. Gari liliteleza darajani, mlango ukafunguka, mtoto akaangukia mtoni. Alipomtoa, alikuwa amekwisha kufa. Akalia. Mimi nilikuwa mwenyeji wa mto ule. Nikamwambia, nitakurudishia, mpaka namba zote zilizomo katika dirisha lile dogo zirudi kuwa sifuri, kama siku gari lilipotoka kiwandani. Siku hiyo namchukua. Akakubali upesi, hakuzitazama namba. Alipozitazama, zilibaki maili kumi na tatu, na nyumbani kulikuwa maili ishirini." Ikacheka kidogo, kwa adabu. "Basi akalala kwenye tope, chini ya gari, akautoa waya. Nimekaa katika kiti kile miaka thelathini na moja, nangoja mtu aziguse namba."

Fundi alikuwa tayari yuko kwenye benchi. Alikishika kile kihesabu, akavizungusha vigurudumu mpaka 99,987, akakiweka mbele ya mganga. Mbele ya macho ya wote watatu vikazunguka vyenyewe, kwa mlio mdogo wa meno, vikasimama kwenye sifuri tano.

"Kilichofika kimefika," ilisema sauti. "Jua likizama tutaondoka. Nilimpa muda amalize pindo. Anashona vizuri."

Sindano akafumba macho. Maji yakaanza kumtoka puani, machafu, pamoja na kipande cha jani.

Mganga alimvuta Fundi pembeni. "Mwanangu, sikufichi. Mimi nafukuza wavamizi. Huyu ana ahadi, na mwenye ahadi hafukuzwi. Anashikwa kwa maneno aliyoyasema mwenyewe, neno kwa neno. Kama una la kusema juu ya hizo namba, sema wewe. Mimi siyajui magari."

Fundi alikitazama kihesabu kiganjani. Alikuwa amefungua vya namna hiyo mamia, na kila mwenye gari alimwuliza swali lilelile: likipita tisini na tisa elfu mia tisa tisini na tisa inakuwaje? Naye aliwajibu jibu lilelile kwa miaka ishirini.

"Hizi si sifuri," akasema. Kwenye kazi yake hakuwahi kusema asichokijua. "Gari likifika hapa limetembea maili laki moja. Ile moja ya mbele haionekani kwa sababu hakuna mahali pa kuiweka. Gari halijarudi sifuri. Dirisha ndilo dogo."

Indiketa ilinyamaza.

"Nionyeshe hiyo moja," ilisema sauti, na safari hii adabu ilikuwa imepungua.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka nyuma ya ukuta. Fundi akamwaga kopo la vyuma chakavu juu ya benchi, akachambua kwa vidole viwili mpaka akapata kigurudumu kimoja cha namba kilichotoka katika gari la mtu mwingine, akakilinganisha meno, akakikwangua kwa tupa, huku nyuma yake Mama akiita jina la utotoni la binti yake bila kupumzika na mganga akimgeuza ubavu ili maji yatoke. Akalipanua dirisha la kihesabu kwa msumeno mwembamba wa kukatia bati, bati likapinda, akalinyoosha, likapinda tena, na mwanga uliokuwa kwenye sakafu ukasogea kutoka mguu wa meza hadi kwenye gurudumu la gari na kutoka gurudumu hadi mlangoni, na ndipo alipogundua kwamba mhimili ni mfupi, kigurudumu cha sita hakina pa kusimama, na katika banda zima lenye kila aina ya chuma hakukuwa na kitu chembamba na kigumu kiasi kile, mpaka macho yake yakaangukia ile ngozi iliyoachwa kwenye kiti, na sindano nene ikiwa imechomekwa kwenye pindo ambalo halikumalizwa. Akaichomoa. Akatoboa ncha ya mhimili kwa keekee ndogo ya mkono, akaipigilia sindano humo, akavika kigurudumu, akazungusha kwa kucha mara moja.

1. Kisha sifuri tano.

Akakibeba kihesabu mpaka kwenye kiti cha abiria, akakielekeza mahali ambapo uso wa mtu aliyekaa ungekuwa.

"Laki moja," alisema. "Soma mwenyewe."

Kiti kilinywea kidogo, kama mtu anapoinama mbele kutazama. Kikabaki hivyo kwa muda mrefu. Mlangoni mwanga ulikatika.

Kwenye mkeka Sindano alivuta pumzi moja ya kukwaruza, akatapika tope, akavuta nyingine. Mganga alikiminya kile kidole kilichochomwa. Tone lililotoka lilikuwa jekundu.

"Baba yenu alinitolea waya," ilisema sauti, na sasa haikutoka kwa Sindano. Ilitoka nyuma ya ubao wa dashibodi, karibu kabisa. "Wewe umenijengea chumba cha sita. Ukoo wenu una mikono mizuri. Nitangoja."

Mganga aliondoka bila kuaga, kikapu chake kitupu.

Dashibodi ilikamilika siku kumi baadaye: ubao uliong'aa, ngozi nyeusi, pindo la uzi mwekundu, na dirisha la kihesabu lenye nafasi sita, ambalo hakuna gari la namna ile lililowahi kuwa nalo. Sindano aliongezeka uzito, akaanza tena kuwatania mafundi. Waya ulirudishwa kwenye msumari wake nyuma ya mabati, na ufunguo wa banda akawa nao Mama.

Jumatatu ya juma la tatu baada ya hapo, Fundi aliliinua turubai kufuta vumbi. Kihesabu kilisoma 100,001. Jumanne kilisoma 100,003. Jumatano, 100,007. Alhamisi, 100,015. Akaenda nyuma ya mabati, akaushika waya. Ulikuwa palepale, mkavu, una utando wa buibui.

Alichukua chaki, akapiga hesabu juu ya benchi, maili zikiongezeka maradufu kila siku, akaikagua mara mbili. Siku kumi na sita, na namba zote sita zitarudi sifuri. Akaifuta kwa mkono wa shati, kisha akalishusha kopo la vyuma chakavu na kulimwaga polepole asisikike sana.

"Kaka," Sindano aliita kutoka kwenye cherehani, bila kugeuka. "Unahangaika na nini tena? Dashibodi si tumeshaimaliza?"

"Bado kidogo."

"Wewe na bado kidogo yako. Kumebaki nini?"

"Napanua dirisha."

"Litafika nje hilo dirisha, ulitie na pazia," alisema, akacheka, akakata uzi kwa meno na kuendelea kushona. Ndani ya gari, chini ya turubai, indiketa ilianza kulia, taratibu, bila haraka yoyote. Sindano hakuinua kichwa. Lakini Fundi, akiwa na kigurudumu cha saba kati ya vidole, aliutazama mguu wa dada yake kwenye cherehani, ukikanyaga na kuachia, ukikanyaga na kuachia, kwa mapigo yaleyale.