Namba ya Forodha ya Bi Meno

"...mpaka kwenye mizani, wifi! Mzigo umeshapimwa, umeshafungwa kamba, halafu eti hauondoki!"

Aliyepiga kelele hivyo ni wifi yake Bi Meno. Alisimama mlangoni mwa karakana na katoni kubwa kichwani. Jasho lilimtiririka, lakini pumzi ya kulalamika bado alikuwa nayo tele.

Bi Meno aliweka msumeno chini. Karakana ile ni yake na mumewe. Mume, ambaye watu wote wanamwita Fundi, anapasua mbao na kuzipiga randa. Bi Meno anakata meno ya vitana, jino moja moja. Kisha anayapiga msasa mpaka yateleze. Ndiyo maana anaitwa Bi Meno. Mwenyewe ana pengo mbele, na wifi yake hajawahi kumpumzisha kwa hilo hata siku moja.

"Nani kasema hauondoki?"

"Karani wa mizigo! Kaniuliza, namba yenu ya forodha iko wapi? Nikampa namba yako ya simu. Kacheka mpaka miwani ikamdondoka!"

Siku nyingine Bi Meno angecheka naye. Leo alitazama ile katoni tu. Ndani kulikuwa na vitana mia tatu vya mbao. Vilikuwa vinakwenda kwa mnunuzi wa ng'ambo, oda yao ya kwanza kutoka nje. Mnunuzi alikuwa anafungua duka, na alishasema wazi: mzigo uondoke kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo kwisha. Ukichelewa, atachukua vitana vya plastiki kwa mtu mwingine.

Na oda ikipotea, karakana inafungwa. Fundi anarudi kiwandani kutengeneza vitanda vya watu, mji mwingine, anaonana na mkewe mara moja kwa mwezi. Walikuwa wameshaongea hilo, wote wawili, na hakuna aliyependa kulirudia.

"Leo Jumatatu," alisema Fundi taratibu.

"Msinitazame hivyo, jamani. Suluhisho ninalo," alisema wifi akishusha katoni. "Kuna mfanyabiashara wa vitunguu, rafiki yangu. Ana namba ya forodha miaka mingi. Tunatumia yake, kesho mzigo umepaa. Nani atajua?"

Fundi alimwangalia mkewe. Wazo lilikuwa tamu, tena lilikuwa jepesi. Bi Meno alikuwa tayari ameshika simu.

Hapo ndipo alipoingia Mama Fomu.

Mama Fomu ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Anafanya kazi kwa wakala wa forodha, wale wanaowasaidia watu kutoa na kupeleka mizigo nje ya nchi. Kila jioni anapita na mfuko wake kuchukua maranda ya kuwashia jiko. Jina lile alipewa kwa sababu akiona fomu haijajazwa, mkono unamwasha.

"Namba ya nani mnataka kutumia?" aliuliza, mfuko bado mtupu.

Wifi akamweleza, kwa madaha kabisa.

"Sawa," alisema Mama Fomu. "Basi mkumbuke kumpongeza mwenye vitunguu kwa vitana vyake vipya."

"Vyake kivipi?" aliruka Bi Meno.

"Machoni pa forodha, mwenye namba ndiye mwenye mzigo. Karatasi zote zitasoma jina lake. Mzigo ukipotea, anayedai ni yeye. Mkiulizwa hizi mbao mlitoa wapi, anayejibu ni yeye, na yeye anajua vitunguu tu. Na ikigundulika mmeazimana namba, mnaingia matatani wote, yeye na nyinyi."

"Kwa hiyo vitana vyangu vitasafiri vikiwa vitunguu," alisema Bi Meno.

"Na mteja atalia akichana navyo," alidakia wifi. Wakacheka, hata Fundi. Lakini Bi Meno alirudisha simu mfukoni. Alikuwa ameshaamua.

"Nataka namba yangu mwenyewe. Naanzia wapi?"

Mama Fomu alikaa juu ya gogo. "Namba ya forodha ni kitambulisho cha biashara yako mpakani. Wewe una kitambulisho chako mfukoni, siyo? Na biashara inahitaji chake. Ukishaipata unaitumia kwa kila mzigo, wa kutoka na wa kuingia. Huombi upya kila safari."

"Mimi nilidhani hiyo ni ya makampuni makubwa," alisema Fundi. "Yenye malori."

"Wengi wanadhani hivyo. Hata anayepeleka katoni moja anaulizwa. Biashara yenu imesajiliwa?"

"Imesajiliwa! Cheti kipo, na namba ya mlipakodi ipo," alisema Bi Meno. Alikwenda kukitoa chini ya godoro.

"Basi safari yenu fupi. Chukueni cheti, namba ya mlipakodi, kitambulisho chako, anwani ya karakana, simu, na barua pepe mnayoifungua kweli. Siyo ile mliyofungua mkasahau neno la siri. Maombi yanafanyika kwenye tovuti ya forodha, au dirishani kwao. Kama kuna ada, lipeni ofisini, mpewe risiti. Atakayewaambia nje ya geti kwamba anaharakisha, mwambieni hamna haraka."

"Lakini haraka tunayo!" alisema wifi.

"Ndiyo maana mnajaza vizuri mara moja."

Kesho yake, Jumanne, Bi Meno na wifi yake walikwenda duka la kompyuta. Bi Meno alijaza mwenyewe, kwa kidole kimoja, kama anavyokata meno. Wifi alikuwa anamsomea. Penye jina la biashara, wifi alitazama muhuri wao, akasoma: "Vitana Safi." Bi Meno akaandika Vitana Safi. Wakabonyeza. Wakarudi nyumbani wanaimba.

Alhamisi jibu likaja. Maombi yamekataliwa.

Weee! Wifi alilia kama kafiwa. "Nilisema mimi! Vitunguu vingekuwa vimeshafika!"

"Nyamaza kwanza, wifi yangu," alisema Bi Meno. "Jibu linasema jina halilingani. Halilingani na nini?"

Akafagia unga wa mbao kwenye meza ya kazi. Akapanga karatasi zote kwa mstari, kama anavyopanga vitana akitafuta kilichopinda. Cheti cha usajili. Karatasi ya namba ya mlipakodi. Cheti cha ukaguzi wa mbao, walichopewa mbao za oda hii zilipokaguliwa. Ankara, yaani karatasi ya kumwonyesha mnunuzi ameuziwa nini. Mwisho akaweka muhuri. Akapitisha kidole juu ya majina, moja baada ya jingine.

Cheti kilisema: Vitana Safi vya Mbao na Samani Ndogo. Karatasi ya kodi ilisema hivyo hivyo. Mkaguzi wa mbao naye alinakili hivyo hivyo. Lakini ankara na muhuri vilisema Vitana Safi, basi.

"Fundi," aliita Bi Meno kwa sauti ya chini. Fundi akajua kuna jambo. "Hili jina lilikatikia wapi?"

Fundi alikuna kichwa. "Unakumbuka nilipochonga kibao cha nje? Ule ubao ulikuwa mzuri sana, lakini mfupi. Jina likagoma kuenea. Nikaishia pale lilipoishia."

"Ukaishia!"

"Halafu mchonga muhuri akanakili kibao. Na sisi kwenye ankara tukanakili muhuri."

"Jina siyo ubao, mume wangu! Halikatwi likizidi!"

Wifi, aliyekuwa analia sasa hivi, alishika mbavu. "Kaka yangu huyu! Angekuwa na ubao mfupi zaidi, leo mngeitwa Vi!"

Bi Meno alipiga hodi kwa Mama Fomu palepale, karatasi mkononi. Mama Fomu alizisoma mara moja tu.

"Umeona mwenyewe, sina la kukufundisha," alisema. "Kompyuta ya forodha inauliza kwenye usajili na kwenye kodi. Ikikuta jina tofauti, kwake hizo ni biashara mbili. Kibao cha nje hakiombi namba, kiacheni. Lakini fomu, ankara, orodha ya vitu vilivyomo, na katoni yenyewe, vyote viandikwe jina la kwenye cheti. Herufi kwa herufi. Na siku mkihama karakana au mkibadilisha simu, nendeni mkawaarifu. Msingoje mpaka mzigo ukwame tena."

"Kuna muda?"

Mama Fomu hakumdanganya. "Sijui. Tuma kesho asubuhi, wanapofungua. Na mchana uwapigie, uulize kwa adabu kama wameipata."

Ijumaa saa mbili kamili asubuhi, Bi Meno alikuwa mlangoni mwa duka la kompyuta kabla mwenye duka hajafungua kufuli. Safari hii alijisomea mwenyewe, cheti kikiwa mbele yake. Aliandika jina lote, refu kama lilivyo. Akalisoma tena kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ndipo akabonyeza. Mchana alipiga simu. Waliipata.

Jumamosi, Jumapili, kimya. Nyumbani hawakukaa bure. Fundi alibandua karatasi za zamani kwenye katoni, akaandika jina kamili kwa mkono wake, na safari hii alipima nafasi kabla ya kuanza. Wifi alikwenda kuchapisha ankara mpya. Jumatatu, kimya. Fundi alimpigia simu mkuu wa zamu kule kiwandani. Alidhani mkewe hasikii. Mkewe alisikia, akaendelea kupiga msasa, kwa nguvu zaidi.

Jumanne mchana simu ikalia mlio wa barua pepe. Bi Meno aliisoma. Kisha akampa Fundi. Kulikuwa na namba ndefu, na chini yake jina lao lote, bila neno hata moja kubaki nje.

Fundi alisoma mara tatu. Akachukua simu yake, akampigia tena yule mkuu wa zamu. "Samahani, mzee," alisema. "Ile nafasi mpe mwingine."

Jumatano, siku moja kabla ya mwisho, Bi Meno alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya mizigo. Wifi alibeba katoni, maana aliapa hakuna mwingine wa kuibeba. Karani alikuwa yule yule.

"Leo mmeleta namba, au namba ya simu tena?" alitania.

Bi Meno aliitaja kwa kichwa, tarakimu moja moja. Karani akaandika. Akatazama kioo cha kompyuta, akatazama katoni, akatazama ankara. Akagonga muhuri. Katoni ikapita mizani, ikapita mlango wa nyuma, ikaenda.

Wifi alipiga kigelegele hadi mlinzi akaja kuangalia kuna nini.

Waliporudi, Fundi alikuwa barabarani anangoja, ameshika randa kama aliyesahau kuiweka chini. Kelele za dada yake zilimfikia kabla yao. Mnunuzi naye alikuwa ameshaandika: vya kwanza vikifika salama, anataka mia tano vingine, vyenye meno mapana.

"Niambie yote," alisema Fundi. "Kuanzia dirishani. Usiruke kitu."

Bi Meno alivua viatu, akafunga kitambaa chake cha kazi, akashika ncha moja ya ubao mpya.

"Nusu umeshaisikia kwa dada yako, na mtaa wa pili wameisikia. Kuna mama alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, anashona mikoba, akanivuta pembeni kuniuliza jambo. Utacheka. Lakini hilo nitakupa kesho asubuhi, tukianza kukata. Sasa shika upande ule, huu ubao ni mzito."