Mlinzi Aliyenyamaza

Kisanduku kilikuwa mezani, waya zote za mawimbi zimechomolewa, na taa yake ilikuwa inawaka kijani.

Sikio aliitazama taa ile akiwa na bisibisi mkononi. Karakana nzima ilimwita Sikio kwa sababu ya tabia yake ya kuinamia kifaa na kukisikiliza kabla hajakipima, na mara nyingi alijua ugonjwa kabla mita haijasema. Alikuwa na miaka kumi na sita katika kazi ya kutengeneza vifaa vya kuongozea ndege. Kisanduku kile, ukubwa wa mkate mmoja, alikifahamu kama kiganja chake. Mafundi walikiita mlinzi. Ndege ina vipokezi viwili vinavyosikia mawimbi ya uwanjani na kuielekeza otopailoti, ule mtambo unaoshika usukani rubani akiuachia. Mlinzi hukaa katikati akivisikiliza vyote viwili. Vikisema neno moja, huwasha kijani na kutulia. Vikihitilafiana, au vyote vikinyamaza, huwasha nyekundu, hupiga kelele na kuitoa otopailoti kazini. Ndiyo maana asipopewa kitu cha kusikiliza lazima alie. Huyu hakupewa kitu, na alikuwa ameridhika.

"Umekubaliana na nani wewe?" Sikio alimuuliza kwa utani.

Utani wenyewe haukumkaa vizuri mdomoni, kwa sababu asubuhi ile kaka yake, rubani wa ndege iliyotoka kisanduku kile, alikuwa amekuja karakana, kofia mkononi, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Mdogo wangu, nisikilize, na usimwambie wifi yako."

"Umefanya nini tena?"

"Mimi sijafanya. Ndege ndiyo imefanya." Alikaa juu ya kasha la vyuma. "Jana tulikuwa tunashuka. Wingu zito, huoni hata bawa lako. Mishale yote miwili ya vipokezi iko katikati, otopailoti imeshika, mlinzi kijani. Kila kitu kinasema tuko njiani. Basi tu, mgongo ukaanza kunisisimka. Wingu likapasuka kidogo, nikaona mti."

"Mti?"

"Mti, Sikio. Matawi na majani yake, usawa wa dirisha langu." Aliigeuza kofia mikononi. "Tulikuwa tumeacha njia maili tisa, tunakwenda kilimani, na hakuna kilicholia. Niliinyanyua kwa mikono yangu miwili."

"Na abiria?"

"Arobaini na wanne. Walidhani ni upepo. Mzee mmoja alinipa mkono wakati wa kushuka, akaniambia leo umetua vizuri."

Walicheka, kisha wakaacha wote kwa pamoja.

Sasa kaka alikuwa ameondoka na Sikio yuko peke yake na kisanduku. Alivaa spika za masikioni, akachomeka waya wake kwenye tundu la kusikilizia. Kila mnara wa kuongozea ndege hujitaja kwa herufi zake, kwa milio mifupi na mirefu, tena na tena, ili rubani ajue anamfuata nani. Sikio hakutarajia kusikia lolote. Alisikia milio. Ilikuwa ya mbali na ya polepole, kama mtu anayegonga ukuta kutoka upande wa pili. Mrefu, mfupi. Kimya. Mfupi, mirefu mitatu. Kimya. Mirefu mitatu. Kimya. Mirefu mitatu tena. Aliandika herufi moja moja kwenye karatasi ya kazi kwa mazoea ya mkono, bila kusoma, na alipofika mwisho ndipo akaangalia alichoandika.

NJOO.

Harufu ilimfikia hapo. Ilikuwa harufu ya nywele zilizofungwa zikiwa bado mbichi, zikakaa hivyo siku nyingi, na ilikuwa karibu, kama ya mtu aliyeinama begani kwake kusoma naye. Sikio alivua spika, akaukata umeme, akauchomoa na waya wenyewe kutoka ukutani akaushika mkononi ili awe na hakika. Taa ya kijani iliendelea kuwaka.

Alikifungia kisanduku kabatini, akaomba ruhusa, akaenda nyumbani mchana ule ule.

Wifi yake alimpokea mlangoni akicheka na machozi yakimtoka. Waliishi nyumba moja, Sikio, kaka yake na mkewe, kwa ajili ya mama yao, ambaye kiharusi kilimwangusha miaka miwili nyuma, kikachukua upande wote wa kulia pamoja na maneno.

"Wifi, njoo uone! Mkono wa mama umeamka! Nilikuwa namlisha, nikasikia ko, ko, nikadhani mlango. Kumbe ni yeye!"

Mama alikuwa amelala chali kitandani, na mkono wake wa kulia, uliokuwa miaka miwili kama kitu kilichowekwa pale na mtu mwingine, ulikuwa unagonga ubao wa kitanda kwa kidole cha shahada. Wifi alipiga vigelegele. Sikio alisimama akihesabu, maana kidole kilikokota kwenye ubao, kisha kikadonoa. Kikadonoa, kikakokota mara tatu. Kikatulia kidogo, kikakokota mara tatu tena, na mara tatu tena, na mama yake hakuwahi katika maisha yake kujifunza herufi za milio, na harufu ya nywele mbichi ilikuwa imejaa chumba ingawa dirisha lilikuwa wazi na jua la mchana limeingia hadi mguuni pa kitanda. Alimtazama mama usoni. Macho ya mama hayakuwa na furaha. Alikuwa anauangalia mkono wake mwenyewe jinsi mtu anavyomwangalia nyoka aliyepanda kitandani, asithubutu kutikisika.

Asubuhi yake Sikio alimbana mtunza stoo, mtu waliyemwita Kufuli kwa kuwa hata msumari hakutoa bila sahihi mbili.

"Yule mlinzi ulimtoa wapi?"

"Kwenye karatasi imeandikwa..."

"Karatasi nimeisoma. Nakuuliza wewe."

Kufuli alitazama huku na huku. "Kuna ndege kilimani," alisema kwa sauti ya chini. "Iliachwa zamani, kabla yako. Ilianguka, watu wakatolewa, yenyewe ikabaki. Vipuri vya aina ile havipatikani tena, Sikio. Nilikwenda nikavitoa, nikaviandikia karatasi nyingine. Vilikuwa vizima!"

"Huko kilimani ndiko ndege ya kaka ilikokuwa inakwenda."

Kufuli alikaa chini polepole. Alipoelezwa habari ya mkono hakubisha hata kidogo. Alichukua funguo za gari akampeleka kwa shangazi wa mkewe, mwanamke mnene aliyeshona sare katika kibanda cha bati, na ambaye watu walimfuata kwa mambo mengine wakijifanya wameleta nguo ya kupunguza. Alisikiliza yote akiwa na pini mdomoni, mguu wake haujaacha kukanyaga cherehani.

"Huyo hakuja kwenu," alisema mwisho, akizitema pini kiganjani. "Ninyi ndio mlimfuata kwake mkambeba. Jini akikaa mahali miaka, pale ni kwake. Anawaita wenzake, na wenzake wanamwita. Mkimweka kwenye ndege, ataielekeza nyumbani. Wewe ungefanya nini?"

"Na mkono wa mama?"

"Ulimsikiliza, sivyo? Uliweka masikio yako kwake. Umemfungulia mlango, akakufuata, akakuta ndani kuna chumba kitupu. Mkono usio na mtu ni chumba kitupu, mwanangu."

"Tukimrudisha?"

"Chumba kitabaki kitupu kama mwanzo. Sitakudanganya."

"Na tusipomrudisha?"

Cherehani ilisimama. "Leo mkono. Kesho atataka mguu. Halafu ulimi. Siku mama yako atakapokuita vizuri kwa jina lako, usiitike."

Kaka hakutaka kusikia. Alikuwa ameketi kando ya mama tangu alfajiri, amekataa safari yake ya siku ile. "Kisanduku kiko kabatini, hakipandi ndege tena. Kinamdhuru nani?" Aligusa shavu lake mwenyewe. "Sikio, amenishika shavu. Miaka miwili! Amenishika shavu hivi."

"Kaka, aliyekushika si mama."

"Unajuaje?"

Sikio alipiga magoti akaleta uso wake karibu na wa mama. "Mama, unasikia yote. Mkono huu ni wako? Ukiutaka ubaki, tutauacha. Tuonyeshe."

Mama alifumba macho, akafumbua. Kisha akainua mkono wa kushoto, ule mzima, taratibu, kwa kutetemeka, akauvusha juu ya kifua chake na kuusukuma ule wa kulia utoke kitandani, jinsi mtu anavyomsukuma paka asiyemtaka. Mkono wa kulia uliacha kugonga. Ukageuka. Ukaushika wa kushoto kwenye kifundo na kuanza kuubana, na wakasikia kitu kikilia ndani ya mfupa, na kaka aliruka akaushika kwa mikono yake yote miwili, mikono iliyoinyanyua ndege kutoka kwenye miti, asiweze kufungua hata kidole kimoja, na mama hana sauti ya kulia, mdomo tu umefunguka, na chini ya harufu ile nzito wote watatu walisikia wazi, kutoka kwenye koo la mama ambalo halikuwa limetoa neno tangu kiharusi, pumzi ya mtu anayejaribu herufi ya kwanza ya jina.

"Mpeleke!" kaka alipiga kelele. "Mpeleke sasa hivi!"

Walikwenda watatu kwa gari la Kufuli: yeye, Sikio na yule mshonaji, kisanduku kikiwa mapajani pa Sikio kimefungwa kwenye koti lake la kazi. Kijani kilipenya kitambaa. Ndege ilikuwa imelala ubavu kati ya miti, rangi imetoka, na ndani yake palikuwa na ile harufu, lakini huku ilikuwa tulivu, kama harufu ya nyumba ya mtu. Mshonaji alivua viatu kabla ya kuingia.

"Hodi," alisema. "Tumemleta wenu. Waliomchukua hawakujua kubisha. Tunawaomba radhi, na tunawaomba mtuachie wetu."

Kufuli alirudia maneno hayo. Sikio alipanda nyuma ya chumba cha rubani, akaipata rafu ya vifaa, akakisukuma kisanduku mahali pake mpaka kikabana. Taa ya kijani ikazimika. Katika ndege isiyo na betri wala waya mzima, taa nyekundu iliwaka mara moja, kama inavyotakiwa, ikafa. Alishusha pumzi. Lakini kwa kuwa alikuwa fundi aliangalia rafu yote, akapitisha mkono gizani pale palipokuwa na vumbi na pale pasipo na vumbi.

"Kufuli."

"Naam."

"Ulitoa vifaa vingapi hapa?"

"Vitano," alisema. "Kimoja tulikitumia sisi. Vinne niliwauzia wengine."

Mshonaji alikwishavaa viatu vyake. "Tutoke," alinong'ona. "Tutoke kabla hawajawahesabu wenzao."

Nyumbani walimkuta kaka amekaa sakafuni, mgongo kitandani. Alisema mkono ulianguka saa tisa na robo, wenyewe tu, kama kamba iliyokatwa. Kifundo cha mkono wa kushoto wa mama kilikuwa kimevunjika, kikafungwa plasta. Sasa hakuwa na mkono wowote. Wifi alimlisha kwa kijiko, na ilichukua majuma mengi kabla hajaweza tena kumgusa mtu. Lakini usiku wa kwanza alilala usingizi mzito, akikoroma kama zamani, na watoto wake walikaa mlangoni wakiisikiliza ile sauti mbaya, ya mama yao, bila kutamani nyingine yoyote.

Sikio alimwandikia mkuu wa karakana yote yanayoandikika. Kufuli aliondolewa kazini, lakini kabla ya kuondoka alimpa anwani za karakana nne. Sikio alizitumia barua, kila moja ya maneno yale yale: kiondoeni kifaa hicho ndegeni, msikisikilize, nirudishieni. Hakutaja jini; angetaja, nani angemjibu? Wawili walivirudisha, navyo vikapelekwa kilimani. Wa tatu hakujibu kabisa.

Wa nne alijibu kwa heshima na kwa ufupi. Alisema haoni sababu ya kukitoa, kwani kifaa ni kizima, hawajakiona kikiwasha nyekundu hata siku moja. Fundi wao aliyekipima anamsalimu sana. Amechukua likizo wiki hii kwa furaha, maana baba mkwe wake, kipofu wa miaka mingi, ameanza kuona.